Damu ya Rula

Saa moja na robo asubuhi, fundi wa maabara anakaa kwenye kiti cha plastiki, anakunja mkono wa shati na kumpa muuguzi mshipa. Macho yake yako ukutani. Kwa miaka kumi na tisa amewatuliza wagonjwa kwa maneno "ni kama kuumwa na siafu mdogo", na yeye mwenyewe anaogopa sindano.

"Mtu mzima wewe, legeza ngumi," anasema muuguzi. "Damu tunaiomba, hatukunyang'anyi."

Vichupa viwili vinajaa na kuingia kwenye kisanduku chekundu, cha wagonjwa. Hadi miezi miwili iliyopita damu hiyohiyo iliwekwa kwenye kisanduku cha kijani, cha wenye afya. Ni safari ya hatua moja, lakini kwa aibu yake fundi huyu aliacha kula mchana na wenzake kwa wiki tatu.

Maabara hii inachunguza ini lenye mafuta, hasa namna seli za kinga zinavyotumia chakula. Fundi hulieleza jambo hilo kwa fahari ya mpishi mkuu.

"Seli za kinga ni askari, na askari naye anakula. Anaweza kuchoma sukari, anaweza kuchoma mafuta. Ini likijaa mafuta, askari wengine wanabadili mlo. Wanachoma sukari mbiombio, wanakuwa wakali, mwisho wanawapiga raia."

Askari wa mgonjwa hupimwa wakiwa hai, siku ileile na wa mtu mwenye afya, ili tofauti ionekane. Wajitoleaji wengine walikuja walipokumbuka. Fundi alikuwepo kila Jumanne, yeye na mshipa wake. Akawa kipimo cha kila mtu, na wenzake wakamwita Rula.

Kwa heshima zote za cheo hicho, Rula alikuwa na kilo mia moja na nne, na tumbo lililofika mlangoni kabla yake.

"Hakuna aliyeniuliza," anasema, kisha anajisahihisha upesi. "Hapana, nisiseme uongo tena. Fomu iliniuliza."

Fomu iliuliza kama amewahi kuambiwa ana tatizo la ini. Akatia alama kwenye "Hapana". Miezi mitano kabla ya hapo, picha ya tumbo ilionyesha ini lake limejaa mafuta. Majibu aliyakunja mara nne, akayazika ndani ya kiatu chake cha harusi, ambacho nacho hakimwingii tena.

"Kaka yangu alikufa kwa ini," anasema akiangalia magoti yake. "Alikuwa mlevi, sifichi. Msibani watu walikuwa wanagusana viwiko. Mama akawa anawaambia wageni, 'Huyu mdogo wake hajawahi hata kuonja.' Na kweli sijawahi. Sasa nami niende na habari za ini? Nani ataamini ni soda na kukaa kitini?"

Uongo ule ulifanya kazi kwa bidii kuliko mtumishi yeyote wa jengo lile. Wagonjwa ishirini na wawili walipimwa, na kila mara mstari wa mgonjwa na mstari wa Rula kwenye grafu ilitembea bega kwa bega kama maharusi. Daktari anayeongoza utafiti, mwanamke anayezidiwa umri na fundi kwa miaka kumi na mmoja, akalaumu mashine. Ikafunguliwa na kusafishwa. Aliyeshika bisibisi ni Rula. Akalaumu kemikali, zikaagizwa mpya. Mwisho akajilaumu mwenyewe.

"Nilimkuta anaandika barua ya kuufunga utafiti," fundi anakumbuka. "Kazi ya miaka minne. Akaniuliza, 'Kaka, nimekosea na nimeshindwa, neno lipi lina adabu zaidi?'"

Fundi akatoka, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, akarudi.

"Daktari, usiandike. Ini langu lina mafuta."

"Tangu lini?"

"Kabla ya fomu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwani unakunywa?"

Daktari naye halisahau swali hilo. "Ugonjwa huu ndio kazi yangu," anasema, "na swali la kwanza kunitoka likawa lile la mtaani. Siku ile tuliona haya sote wawili."

Wajitoleaji wapya wakatafutwa, wagonjwa wakaitwa kupimwa upya, na mistari ikaachana. Utafiti ukapona. Mhudumu wa usafi hakukosa neno: "Ama kweli, fundi, umekaangwa kwa mafuta yako mwenyewe!" Rula akacheka na wenzake, kisha akakaa kitambo kwenye chumba cha majokofu, ambako hakuna anayeuliza kwa nini macho yako yana maji.

Nyumbani, mkewe alimsikiliza hadi mwisho. "Baba watoto, miaka ishirini tuko wote. Ulidhani nafikiri hiyo ni mimba?"

Mama yake hakutania. Alisema tu, "Na wewe?" Fundi anasema maneno hayo mawili ndiyo aliyoyakimbia mwaka mzima.

Sasa anakwenda kazini kwa miguu, dakika arobaini, na kilo sita zimeaga. Lakini kuna hesabu isiyomwachia usingizi: kati ya wagonjwa ishirini na wawili walioitwa kutoa damu upya, wanane hawakurudi. Wawili kati yao wamekubali kwa simu awatembelee nyumbani. Likizo yake inaanza Jumatatu, na ameipangia kazi hiyo.

"Damu yao niliiharibu mimi, si mashine, na nataka wasikie kwangu," anasema. "Nitabisha hodi. Wakiuliza mimi nani, sitasema fundi. Nitasema ni mgonjwa mwenzao."