Treni Iliyokwama Chumba cha Wageni

Mgeni wa mwisho kulala katika chumba chetu cha wageni alikuwa shemeji yangu, na asubuhi aliamka akajigonga kichwa kwenye daraja. Tangu siku hiyo wageni hulala sebuleni kwenye kochi, kwa sababu chumba kile ni cha reli. Nina miaka hamsini na minne, nafundisha jiografia sekondari hapa Nakuru, na nikitoka kazini najifungia humo kuendesha treni isiyozidi urefu wa mkono wangu. Mke wangu huwaambia majirani kwamba nasahihisha mitihani. Anaona hilo lina heshima zaidi.

Nilichojenga ni stesheni ndogo niliyokulia, kati ya Gilgil na Nakuru, kama ilivyokuwa enzi za treni za abiria. Injini na mabehewa nilinunua mitumba kutoka ng'ambo, pamoja na pakiti ya watu wa plastiki. Kufungua pakiti, nusu yao wamevaa makoti mazito na mmoja amebeba mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji. Nilijaribu kuzikwangua, zikataka kuondoka na mikono yake. Basi nikamwacha platifomu, angoje treni ya kumpeleka Nakuru kwenye theluji.

Mengine yote niliyafanya kwa ukali wa mwalimu. Paa la stesheni nilikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na mbao za chini ya reli nikazitengeneza kwa njiti za kiberiti, moja moja. Flamingo wa Ziwa Elementaita walikuwa punje za mchele zilizopakwa rangi. Panya aliwamaliza kwa wiki moja. Kundi la pili nililichanganyia pilipili.

Fahari yangu hasa ilikuwa ufuo wa hilo ziwa. Nilikwenda Kariandusi kwenye machimbo ya diatomaiti, nikapata mfuko wa ule unga mweupe, mwepesi, unaopeperuka hata ukiuongelesha. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama nikiunyunyiza.

"Hiyo vumbi itaingia kwa injini," alisema.

Nikamweleza, kwa sauti ninayoitumia kwa kidato cha pili, kwamba diatomaiti ni mabaki ya viumbe wadogo wa majini, na kwamba mwenye digrii ya jiografia humu ndani ni mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nyumbani kwetu mkuu anajulikana.

Mtu niliyetaka aione reli ile alikuwa mmoja tu, mama. Pale stesheni ndipo alipotulea watoto watano, akiwauzia abiria mahindi ya kuchemsha na mayai. Siku hizi anaishi na dada yangu kule Olenguruone, na kila nikimpigia simu kumsimulia reli hunijibu, "Wewe na hiyo toi yako," kisha anauliza kama watoto wamekula. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho na alikuwa anangoja upasuaji. Niliogopa, sitaficha. Yeye ndiye pekee niliyemjua aliyebaki akiikumbuka stesheni ile vizuri, na nilitaka aitazame kabla macho hayajafungwa bandeji, aniambie nimeipata. Mwanamume mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, nangoja kuwekewa alama ya vema na mamangu.

Alikuja Jumamosi. Nilimkalisha kwenye stuli, nikavaa filimbi niliyoazima kwa mwalimu wa michezo. Mama aliinama mpaka pua ikakaribia paa la stesheni.

"Hapa kulikuwa na kutu zaidi," alisema. Kisha, "Tangi ya maji ndio hii." Moyo ukanipanda. Kisha, "Na huyu amebeba nini?"

"Mbao, Mama."

"Anajenga?"

"Ee, anajenga."

Akaendelea kutafuta kwa kidole. "Na sisi tuko wapi?"

Swali hilo nililisubiri kwa hamu. Nilikuwa nimefinyanga wachuuzi wanawake watano wa udongo, kila mmoja na karai lake, nikawapanga platifomu kwa mstari ulionyooka kama gwaride. "Nyinyi ndio hawa."

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Kwa platifomu? Askari wa stesheni angetuwacha? Wewe ulikuwa unalala tu kwa mgongo wangu, hukuona kitu. Sisi tulikuwa tunauzia upande ule mwingine, chini kwa mawe. Unainua karai mpaka kwa dirisha."

Upande ule mwingine haukuwepo. Meza nilikuwa nimeisukuma hadi ukutani, na nyuma ya reli kulibaki ubao mtupu wa upana wa vidole viwili. Miaka minne ya kazi, na stesheni niliijenga upande wa askari. Iliniuma sana.

Ili kuokoa heshima iliyobaki nikapuliza filimbi na kuwasha treni. Ikatoka Gilgil, yaani nyuma ya pazia, ikapita ziwani ikitimua vumbi jeupe, ikaingia stesheni, ikatetemeka, ikazima. Nilizungusha swichi. Nikasikia harufu ya kuungua. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, alikohoa tu.

"Pole, Mama, imekwama," nilisema, nikanyoosha kidole niisukume.

Mama akanidaka kifundo cha mkono. "Wacha. Sasa ndio imekuwa ile yenyewe."

Akaniambia kwamba treni ikisimama na kuondoka kama ilivyopangwa, ungeuza mayai mawili, basi. Lakini kuna siku iliwekwa pale kungojea treni ya mizigo itoke Nakuru, jua likapanda, watu wakasikia njaa, na makarai yote yakaisha. "Wewe umesoma na pesa ya hizo siku," alisema.

Kisha akaanza kuwachukua wale wanawake wa udongo platifomu, mmoja mmoja, na kuwavusha hadi kwenye ule ubao karibu na ukuta. Ilichukua muda, kwa sababu hakuwa akiona vizuri, na kila mmoja alimgeuza kwa kidole mpaka akaelekea madirisha ya treni. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikaipeleka tena kwenye injini.

"Usiguse hiyo gari," alisema. "Bado hatujauza."