Nyuki kwenye Sinia la Visheti

Siku ile wageni walikuwa wanatoka Kenyamonta kuja kwetu Kisaka kumposa wifi yangu, na mimi ndiye niliyesema nitapika visheti. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa bado mgeni kidogo katika boma la wakwe zangu, nikitaka waone kwamba binti wa Tarime mjini anajua kitu zaidi ya kuchemsha chai. Visheti nilifundishwa na mama mwenye nyumba wangu wa Musoma, kabla sijaolewa. Unakanda unga wa ngano na samli na maziwa, unakata vipande vidogo, unavikaanga mpaka viwe vyekundu, kisha unavigeuza ndani ya shira, yaani sukari iliyochemshwa na iliki ikawa nzito, mpaka shira hiyo ikauke juu yake na kuwa nyeupe kama chumvi.

Mama mkwe hakuvikataa. Aliuliza tu, "Wageni watapewa nyama na ugali wa wimbi. Hivyo vya sukari ni vya nini?"

"Ni vya chai, mama."

"Haya. Pika tuvione."

Kiangazi kilikuwa kikali. Majani yalikuwa yameungua mpaka mtoni, na sikumbuki kuona ua lolote mahali popote. Mimi sikujua nyuki hufanya nini wakati kama huo. Mjini hatukuwa na sababu ya kujua.

Jiko letu lilikuwa kijumba cha udongo na nyasi, mlango mmoja, bila dirisha. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba na hakupenda kutembeatembea. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, nilimpa kisheti cha kwanza kilichotoka kwenye shira. Alikinyonya mpaka sukari ikamtapakaa mikononi, mashavuni na kifuani, kisha akalala palepale kwenye ngozi ya ng'ombe, upande wa ukutani. Nilimwona amependeza. Sikumfuta.

Nyuki wa kwanza alikuja shira ya pili ikiwa inatoa povu. Nikampungia mkono. Wakaja wengine, nikawapungia na hao, huku nikigeuza visheti ili visishikane. Ukishaanza kugeuza huwezi kuacha. Nilikuwa nimeinama namna ile niliposikia mvumo umebadilika, umekuwa mzito, uko juu na nyuma yangu. Niliponyanyua kichwa, sinia nililokwisha kulijaza lilikuwa jeusi. Halafu nikamwangalia mtoto.

Walikuwa usoni mwake. Walitembea kwenye shavu, kwenye kidevu, kwenye midomo iliyokuwa wazi kidogo. Mmoja alikuwa ukingoni mwa pua, akiingia na kutoka kila mtoto alipovuta pumzi. Nilivua kanga ya mabegani nimpige nayo yule wa puani.

"Usipige," mama mkwe alisema. Hakupaza sauti. "Ukiua mmoja, wenzake watasikia harufu. Simama hapo hapo."

"Mama, watamuua."

"Wanakunywa. Nyuki mwenye njaa hana ugomvi. Toa sufuria nje, upeleke mbali, nyuma ya zizi. Halafu sinia. Polepole."

"Nimwache mtoto?"

"Niachie mimi."

Sijawahi kufanya jambo gumu kama kumpa mgongo mwanangu pale. Nilibeba sufuria ya moto kwa kanga, nyuki wakitembea mikononi mwangu na ndani ya mkono wa blauzi. Zizi lilikuwa tupu, ng'ombe wako malishoni. Nikaiweka sufuria chini na kurudi. Wengi walinifuata, wakabaki na shira. Ndani nikamkuta mama mkwe ametia kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kigae chenye makaa, anakisogeza kidogo kidogo kwa fimbo yake kuelekea kwa mtoto, moshi ukimtangulia. Nyuki wa mashavuni walikuwa wameanza kunyanyuka. Nikachukua sinia.

Nilikuwa katikati ya uwanja mtoto alipolia. Kilikuwa kilio cha maumivu, mama hahitaji kuambiwa. Nililitupa sinia nikakimbia.

Alikuwa ameamka akafumba kiganja, na ndani ya kiganja mlikuwa na nyuki. Nilipofika mlangoni sikumwona mtoto kabisa. Mama mkwe alikuwa amelala juu yake, amejifunika kitenge, na mgongo na kichwa chake vilikuwa vimejaa nyuki waliokuja sasa kwa hasira.

"Usiingie," alisema kutoka chini ya kitenge. "Puliza moshi."

Nilipiga magoti nikapuliza kile kigae mpaka nikaona giza. Nyuki walinichoma shingoni na kwenye kope, nikawa sisikii maumivu, nasikia kilio tu, na niliogopa zaidi kilipopungua. Moshi ulipojaa nikamvuta mama mkwe kwa mabega, naye hakumwachia mtoto hata wakati namvuta. Tuliingia nyumba kubwa ya bati, tukafunga mlango.

Wifi alirudi kutoka kisimani akatukuta hivyo. Ndiye aliyekimbia kutafuta bodaboda. Njia nzima ya zahanati nilikuwa nimeweka sikio kwenye kinywa cha mtoto. Mkono wake ulikuwa umevimba kama andazi, mdomo wa juu umegeuka nje, na kila kelele ya pikipiki ilipozidi pumzi yake nilimwambia dereva apunguze, kisha nikamwambia aongeze. Muuguzi alimchoma sindano akasema tukae, kama koo halitavimba yatakwisha. Nikakaa. Jua lilipokaribia kuzama aliomba kunyonya, ndipo nikalia.

Nyumbani wageni walikuwa wameshapokelewa. Mama mkwe alikataa kwenda zahanati kabla hawajaondoka. Alikuwa amekaa nao macho yamefumbwa kwa uvimbe, akizungumza habari za ng'ombe. Alinitambua kwa sauti, akanyoosha mikono apewe mtoto, akampapasa uso wote kwa vidole.

Mvua ziliporudi aliniambia, "Vile vya sukari sikuvionja."

Nilivipika ndani ya nyumba kubwa, kwenye jiko la mkaa, nimefunga mlango na kuziba nafasi ya chini kwa gunia, mtoto akiwa kwa majirani. Vilitoka vimepinda. Mama mkwe alikula kimoja, akauliza ile harufu ni ya nini, nikamwambia ni iliki, akachukua kingine. Mimi sikula. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha lililofungwa, nasikiliza.