Wimbo wa Nne, Upande wa Pili

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai mkononi.

Wakati ule mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, nami nilikuwa nauza santuri katika duka la Mzee Kanji, hapa Moshi mjini. Tulikuwa na santuri za bei nafuu, zenye nyimbo zilizotamba Ulaya, ila walioimba si wenyewe. Ni waigaji, na kwenye jalada huoni jina la hata mmoja. Unamwona tu msichana kakaa juu ya pikipiki, anacheka. Wateja walizirudisha wamefura. "Dada, umeniuzia mtu mwingine!" Mzee Kanji hakusumbuka nao. "Bei nusu, sauti nusu. Wewe nataka nini?"

Zenye jalada hilo la pikipiki zilikuwa mbili. Moja ilitengenezwa Uingereza, nyingine Nairobi, kabla mpaka haujafungwa. Siku moja nikazipiga zote kuzilinganisha, nikagundua kwamba katika ile ya Nairobi, wimbo wa nne upande wa pili, mwimbaji amebadilishwa. Alikuwa mdogo wangu Aminieli. Niamini. Alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kwa nguvu kabla ya mstari wa mwisho, na mwalimu wa kwaya alimgombeza kwa hilo tangu anavaa kaptula. Nililia pale pale kaunta.

Aminieli alikuwa kitindamimba, na kwetu Old Moshi kitindamimba ndiye huachiwa nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo. Yeye akavikataa, akaufuata muziki Nairobi. Baba akasema jina lake lisitajwe tena chini ya migomba ile. Miaka sita hatukulitaja. Sasa baba alikuwa kitandani, anaisha, nami nilikuwa nimeapa kwamba hafi kabla hajaliondoa neno lile. Nilimbembeleza, nikamletea hata mchungaji. Wapi! "Alete masale," alisema, akageukia ukutani. Kwetu anayeomba radhi huleta masale, ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, majani yamefungwa fundo. Aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Lakini mpaka umefungwa, Aminieli angepitia wapi?

Basi siku moja ya masika, mvua inamwagika hasa, akaingia mtu dukani. Kofia imemfunika uso, koti lake kavu kabisa. Wewe ungemuuliza?

"Nipigie ile ya Nairobi," alisema. "Wimbo wa nne, upande wa pili."

Nikaweka sindano. Akaanza kuimba pamoja na santuri, na haki ya Mungu nilisikia sauti moja, siyo mbili. Ikafika ile pumzi, nayo ikawa moja.

"Amini?"

"Shikamoo dada."

"Marahaba," nikaitikia. Mazoea ni kitu cha ajabu.

Akaweka juu ya kaunta shina la masale, majani yamefungwa fundo. "Mpelekee baba. Mimi sifiki."

Nikainama kuinua sindano ili nizunguke nimkumbatie. Nilipoinuka hakukuwa na mtu. Mzee Kanji alikuwa amekaa mlangoni muda wote. "Mtu gani, dada? Mimi nasikia santuri tu."

Nilitoka bila kuaga. Nikapanda mlima kwa miguu, tope hadi magotini, nikaingia chumbani kwa baba nimelowa chapachapa.

"Nani kaleta?" akauliza.

"Aminieli."

Nililitaja kwa sauti, ndani ya nyumba ile. Baba akafumba macho.

"Siondoki hapa, baba. Mimi ni mwanao, kwa ukaidi unanijua. Yapokee."

Akayapokea. Alilifungua fundo, akasema, "Aminieli mwanangu, njoo nyumbani." Hakumaliza wiki.

Mpaka ulipofunguliwa, mpiga gitaa mwenzake Aminieli alikuja kutuletea viatu na Biblia yake. Mdogo wangu alikufa kwa homa huko Nairobi, miaka miwili kabla ya mvua ile.

Lile shina nililipanda ubavuni mwa kaburi la baba. Limeshika, leo limenipita kimo. Santuri ninayo bado, njoo uisikilize. Wimbo wa nne una magitaa na ngoma, lakini sauti ya Aminieli haimo tena. Imebaki ile pumzi tu, kabla ya mstari wa mwisho.

Kwa hiyo kama kwenu kuna mtu mmekatazana kumtaja, usingoje mpaka uletewe masale. Mwite leo kwa jina lake, angali anaweza kuitika.