Nusu ya Kamba

Asubuhi niliondoka bila kujua ninakokwenda, na jioni nikajikuta Masinga, mbele ya nyumba za kupangisha. Lango lilikuwa limefungwa kwa kamba mbichi ya mkonge. Harufu yake ilinirudisha shambani kwetu, siku ile lilipogawanywa, nikiwa bado mwanafunzi.

Baba alikuwa amezikwa wiki hiyo. Baba mdogo alizungusha kamba ya mkonge kwenye shamba lote, lililokuwa mraba, kisha akaikunja katikati na kuikata.

“Shemeji, nusu ya kamba, nusu ya shamba,” alimwambia mama. “Zungusha mraba wako.”

Mama alizungusha na kushukuru. Mimi nilichukua kijiti nikachora mraba mkubwa mchangani, kisha nikaujaza miraba yenye upande nusu. Iliingia minne.

“Mama, hii ni robo.”

Baba mdogo alicheka. “Huyu ashakuwa mwalimu! Kamba si umeiona ikikatwa?”

Mama aliitazama michoro yangu kwa muda mrefu. Kisha akawatazama wazee wa ukoo, ambao tayari walikuwa wakipanda mikonge ya mpaka.

“Sawa,” akasema, na kuifuta michoro kwa mguu.

Robo ile haikututosha hata chakula. Muhula uliofuata sikurudi shuleni.

Mama mwenye nyumba alifungua kamba ya lango, akaniingiza katika chumba kidogo. “Kile kikubwa kina mtu,” alisema. “Hiki kila ukuta ni nusu ya kile, kwa hivyo utalipa nusu.”

Nilizitazama kuta nne.

“Sawa, mama,” nikasema, nikaweka mfuko wangu chini.