Mwezi Uliopitia Manguredjipa

Mpaka nilipotimiza miaka minane niliamini kwamba mwezi hutoka Beni. Sithubutu kuuita ujinga, maana nimeipima imani hiyo mara nyingi tangu wakati ule na kila mara nimekuta ilikuwa na ushahidi wake. Butembo iko juu, kwenye baridi. Jioni ukungu hupanda kutoka mabondeni na kuziba vilima, na mwezi mwandamo, ambao hukaa angani muda mfupi tu baada ya jua kuzama, mara nyingi hutua bila sisi kuuona. Beni iko chini, kwenye joto, na kule waliuona. Kwa hiyo sisi Waislamu wachache wa Butembo tulizoea kuungoja mwezi wa Idi kutoka kwa ndugu zetu wa Beni. Walitutangazia kwa foni, ile redio ya antena ya waya iliyowekwa katika vibanda vya mjini, au walimtuma dereva. Chumvi nayo ilitoka Beni, na mawese, na baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa lori katika barabara hiyo. Miaka miwili mfululizo alifika nyumbani jioni ileile habari ya mwezi ilipofika, na mara ya pili yeye ndiye aliyeileta. Nikahitimisha kwamba alikuwa akiupakia. Sikujiuliza uliwezaje kuenea. Turubai la lori lake lilikuwa kubwa sana. Nyota sikuzihusisha na baba. Hizo nilizichukulia kuwa taa za watu wanaoishi kwenye milima ya Ruwenzori, ambayo tuliambiwa inapita mawingu, na niliwahurumia kwa gharama ya mafuta ya taa.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa wa vita. Askari wa upande mmoja walishika Beni, wa upande mwingine walishika kwetu, na katikati kulikuwa na vizuizi ambavyo hakuna aliyeweza kusema leo ni vya nani. Baba alikwama Beni tangu wiki ya kwanza ya mfungo. Nilisikia sauti yake mara moja tu, kwenye foni, mama akiwa amenishika bega mbele ya kibanda. Aliyemaliza kusema alitamka “à vous”, ndipo mwenzake akapata zamu.

“Nitafika mbele ya mwezi,” baba alisema kupitia mikwaruzo. “Unasikia? Ambia Mukaka asijisumbue. Mbele ya mwezi niko apo. À vous.”

“Tunakungoja,” mama alijibu. “Njia iko namna gani? À vous.”

Hatukupata jibu. Siku mbili baadaye askari walikusanya mashine zote za foni mjini, na tangu hapo hatukuwa na Beni kabisa.

Mukaka, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba, alikuwa na kidonda cha tumbo. Mama alimsihi asifunge. Alikataa kila asubuhi kwa maneno yaleyale: “Mutoto wangu iko mu njia ya askari, na miye nikule?” Alifunga kwa ajili ya kurudi kwa baba, na sote tulijua, hata mimi, kwamba ahadi ile ya foni, ya kufika kabla ya mwezi kuandama, ndiyo iliyokuwa ikimshikilia. Kila jioni aliuliza zimebaki siku ngapi.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa, kwa kuwa Beni haikuweza kutuambia lolote, ilibidi kila nyumba ijitazamie. Mukaka alinituma kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, penye mikaratusi.

“Macho yako iko muzuri kupita yetu,” alisema. “Angalia muzuri, ushuke kutuambia. Na usichezee kule juu!”

Nilisimama nikitazama kaskazini, upande wa barabara ya Beni, ambako mwezi ulikuwa na wajibu wa kutokea. Kulikuwa na ukungu mtupu. Nilipogeuka ili nishuke, ukungu wa upande wa magharibi, juu ya vilima vya kwenda Manguredjipa, ulifunguka kwa muda mfupi sana. Mwezi ulikuwa pale. Ulikuwa mwembamba kama kipande cha ukucha, umelala chali, ncha zote mbili zikielekea juu. Kisha ukungu ukafunga.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba huo si wetu. Manguredjipa kuna watu wengi wanaochimba dhahabu. Hapana shaka walikuwa na mwezi wao. Wazo la pili lilinijia kabla sijafika chini: huenda ulikuwa wetu, umekuta barabara ya Beni imefungwa, ukazungukia Manguredjipa. Ikiwa ndivyo, ulikuja peke yake. Baba alisema atafika mbele yake, na aliyechelewa katika barabara ile, mwaka ule, watu wazima walimtaja kwa sauti ya chini, kama marehemu. Nilifikiri kwamba mwezi usiotangazwa ulikuwa bado haujafika.

“Unaona?” Mukaka aliuliza.

“Hapana.”

“Hapana kabisa?”

“Kuko ukungu.”

Sentensi hiyo ya pili ilikuwa kweli. Nimejiuliza kwa miaka mingi ni wazo lipi kati ya yale mawili lililonifanya nitamke ile ya kwanza, kosa la mtoto au hila ya mtoto, na mpaka leo siwezi kuyatenganisha.

“Bon,” Mukaka alisema. “Donc kesho tunafunga.”

“Mama, kesho kula kidogo,” mama alimwambia. “Ile tumbo itakuua.”

“Kesho ni Ramadhani ao hapana? Njo vile. Nafunga.”

Siku iliyofuata, ilipofika adhuhuri, alikuwa amejilaza kwenye mkeka, amekunja magoti, ngumi imebana chini ya mbavu. Nililowesha kitambaa nikampangusa uso. Alinishukuru. Sijawahi kupokea shukrani nzito kama ile.

Baba alitokea saa tisa alasiri, kwa miguu, akipita katikati ya mihogo ya jirani badala ya njia kubwa. Hakuwa na lori. Hakuwa na viatu. Mama aliweka mikono kichwani. Mukaka aliinuka kwa viwiko.

“Umefika!” alilia. “Mbele ya mwezi, kama ulisema!”

“Mayi,” baba alisema, akikaa chini. “Munipatie mayi.”

Mama alimletea kikombe. “Kunywa, weye iko musafiri. Siye tunafunga mupaka magaribi.”

“Munafunga nini? Leo Idi.” Alitutazama mmoja mmoja. “Mwezi nilionaka jana, na macho yangu. Nilikuwa natembea mu mashamba, yeye kule juu ya Manguredjipa, mupaka akaanguka. Nilisema, basi, amenishinda.”

“Jana?” Mukaka alinigeukia polepole. “Na huyu nilimutuma aangalie.”

“Nilionaka,” nilisema.

“Na ulisema hapana?”

“Ile ilikuwa ya Manguredjipa.”

“Yesu!” alisema jirani yetu Mkatoliki, ambaye alikuwa amemfuata baba kupitia mihogo. “Batu ba Manguredjipa biko na zahabu, sasa biko na mwezi yabo pia?”

Baba alicheka mpaka akakohoa maji. Nilipaswa kuishia hapo, lakini niliongeza: “Na ulisema utafika mbele yake.” Akaacha kucheka. Alinivuta kwa mkono, akaniweka kati ya magoti yake, na hakunikemea.

“Leteni uji,” Mukaka aliamuru. “Kufunga siku ya Idi ni zambi, na miye niko na zambi ya kunitosha.” Aliunywa taratibu, bakuli katika mikono miwili, akinitazama juu ya ukingo wake. “Mwaka kesho nitatuma mbuzi aangalie.”

Kabla ya giza kuingia habari ilikuwa imezunguka nyumba zote za Waislamu, na baba alihojiwa na wazee watatu kuhusu mwezi aliouona. Kuhusu lori, ambalo askari walilichukua kwenye kizuizi cha pili, hakuna aliyemhoji sana. Kwa kuwa wakati wa sala ya Idi ulikuwa umepita, ilikubaliwa kwamba tungeisali kesho yake asubuhi.

Yule jirani alimwazima baba viatu vyake vya Jumapili, vyeusi, vilivyong'arishwa. Miguu ya baba ilikuwa imevimba na haikuingia. Hata hivyo hakutaka kumrudishia kabla ya sala, asije akadhani vimedharauliwa. Alitembea pekupeku hadi msikitini, viatu mkononi, akavipanga kwa uangalifu mlangoni pamoja na vya wengine, kisha akaingia.