Siku Niliyowachimbia Funza Mtaro

Jamani, kuna aibu ya kuteleza sokoni, hiyo unajipangusa unaenda zako, lakini yangu mimi niliichimba kwa jembe, mchana kweupe, mbele ya watu niliotaka waniite mkwe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nikifanya kazi reli hapo Nakuru, nami Jumapili moja nikapanda baiskeli hadi Kiamunyi, nijulikane kwanza kwa Mzee Wafula, babake Nasimiyu, msichana niliyemtaka, kabla ya kuleta wazee wa kuposa (koti la kuazima, viatu vyangu). Nikamkuta mzee ameshika kiuno, anatazama mahindi yake, majani yametobokatoboka. Ningenyamaza tu, lakini nani anyamaze na Nasimiyu anatazama? Nikasema hao ni viwavi jeshi, bwana shamba alitueleza barazani kwamba wanatembea kama askari kutoka shamba hadi shamba, na dawa ni kuchimba mtaro watumbukie kabla hawajaingia.

Mzee akaniamini (koti hilo!), akaita majirani, nami ikabidi nivue koti niongoze. Tukachimba kuzunguka shamba zima, mikono ikatoka malengelenge, nikizidi kuwaeleza tabia za viwavi. Tulipomaliza, mamake Nasimiyu akanivunjia bua tamu nitafune kama muwa. Nikang'ata kwa madaha, nikahisi kitu laini kinajinyonganyonga ulimini. Nikatema. Funza.

Mzee akapasua bua lingine, na lingine, kila moja lina mpangaji. Kumbe kiwavi jeshi hula majani hadharani, kundi zima, ila funza wa mabua ni mwizi wa kimyakimya, anatoboatoboa jani kidogo halafu anahamia ndani ya bua.

"Kijana," mzee akasema polepole, "hawa wako ndani tayari. Huu mtaro ni wa kuwazuia wasitoroke?"

Majirani walicheka hadi wengine wakakaa chini humo mtaroni. Nasimiyu akajifunika uso kwa leso, sikujua analia au anacheka. Nikaokota koti nikijua nimemkosa, na niliumia, siwafichi. Nilikuwa nimeshashika baiskeli mzee aliponiita.

"Lete wazee wako," akasema. "Mjinga hufundishwa. Mvivu ndiye ningemfukuza."

Basi nikaoa. Tangu hapo nimeapa kutotaja mdudu wa mtu kabla sijapasua bua, lakini nikipewa jembe nachimba bila kuuliza, maana akili yangu haikunipatia mke, ni malengelenge.