Vijana Niliowafundisha Haki Wameacha Kuniamkia

Ndugu Admin, lifiche jina langu, ila kosa langu liache kama nilivyoliandika.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwalimu niliyestaafu mapema, mkazi wa Butimba hapa Mwanza. Kwa miaka sita nimesimamia kituo kidogo kinachofundisha ushonaji na useremala kwa vijana waliokatishwa masomo na umaskini. Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitajifanya mpole ili nipendwe.

Nilipowapokea, vijana wale hawakuamini kitu. Ukimwambia mmoja ana haki, anacheka. Nikaanzisha mduara wa kila Jumamosi: aliyemkosea mwenzake anasimama katikati, anataja kosa lake kwa kinywa chake, bila neno "lakini", ndipo anarudi kukaa. Hata mimi, niliwaambia, nikikosea nitasimama. Siku moja, kwa kunogesha somo tu, nikawasimulia jinsi kijijini kwetu Magu mtu aliyekataa kukiri kosa alivyotengwa: haamkiwi, hapewi moto, msibani kwake haendi mtu, mpaka ajirudi. Nilisimulia historia. Wao waliipokea kama kanuni.

Miezi miwili iliyopita tulitembelewa na mgeni, simu yake ikapotea. Aliyefagia chumba alichokaa ni Kabula, binti wa miaka kumi na tisa, fundi kuliko wenzake wote. Kaka yake aliwahi kufungwa kwa wizi. Hilo lilinitosha. Nikamnyooshea kidole mbele ya wote.

"Kabula, itoe kabla sijaita polisi."

"Mwalimu, sijaichukua. Nipekue."

Sikumpekua. Niliita polisi, akakaa mahabusu siku mbili.

Siku ya tatu dereva wa mwenyekiti wa kituo, mwenyekiti ambaye ndiye mwenye jengo, aliikuta simu chini ya kiti cha gari la bosi wake, walilompeleka nalo mgeni kula samaki. Kabula akaachiwa. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, liishie hapo." Nikaliacha liishie hapo. Kabula hakurudi kituoni, nami sikumfuata.

Dereva alipowasimulia vijana, Jumamosi iliyofuata nilikuta kiti changu kimeondolewa kwenye mduara. Masanja, kijana wa useremala waliyemchagua kiongozi wao, akanionyesha katikati.

"Masanja, unajua unaongea na nani?"

"Na mtu aliyekosea, Mwalimu. Tunasubiri."

Sauti ikatoka nyuma: "Leo somo la uraia limeota meno!" Wakacheka. Nikatoka.

Tangu siku hiyo hakuna anayeniamkia. Nikipita kati ya vyerehani, vyote vinanyamaza; nikitoka, vinaanza tena. Shikamoo zao thelathini nilizozipokea kila asubuhi bila kuzisikia, leo ningezipigia magoti. Niliwachukia vijana wale. Nilitaka wawe na ujasiri mbele ya matajiri na waajiri. Sikuwa nimepanga waanzie kwangu.

Nilimwendea mwenyekiti, nikamwambia nataka kusimama mduarani niseme kila kitu, pamoja na mahali simu ilipopatikana. Hakupandisha sauti.

"Wewe ukiungama mbele ya hao watoto, kesho watanisimamisha na mimi. Siku utakayonitaja ndiyo siku nitakayobadilisha kufuli. Jengo hili linafaa kabisa kuwekea saruji."

Mtihani wao wa ufundi ni mwezi ujao. Wanafanyia humo, kwa mashine zilizomo humo. Na yule hatanii.

Juzi nikaenda Mabatini, ambako Kabula anamsaidia mama yake kuuza dagaa. Mama yake alitaka kunipa kiti.

"Mama, huyo hakai," Kabula akasema bila kuacha kupima. "Ana haraka."

"Kabula, nimekuja kukuomba radhi."

"Umekuja peke yako, Mwalimu. Jina la mwizi ulinipa mbele ya watu thelathini. Wateja wengine hapa bado wanahesabu chenji mara mbili."

Nikamweleza kuhusu jengo. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo wao wapate vyeti, mimi nibaki mwizi. Ndiyo hiyo haki uliyokuwa unatufundisha?"

Nilimchukia kwa kuniuliza mbele ya mama yake.

Ninyi mlio wengi hapa, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nikisema nusu tu na kumwacha mwenyekiti pembeni, watajua, kwa sababu dereva ameshawaeleza. Nikisema yote, vijana thelathini watakuta mlango umefungwa wiki chache kabla ya mtihani, na siwezi kuwapa jengo jingine. Nikinyamaza, watafuzu wakiwa wamejifunza kwangu kwamba haki ni ya kuwasomea maskini tu. Msinitumie maneno ya kunifariji. Niambieni, nikiingia pale, nikae au nisimame?